Nawasikia, Hawanisikii

Machi 3
Asubuhi: mawingu mepesi, baridi kidogo, hakuna upepo.

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana najua barua yako itaanza na hiyo. Najua pia utacheka kwamba nimeanza na hali ya hewa. Mkono umezoea daftari langu, ambalo kila siku huanza na mawingu na kuisha na saa niliyolala, na nikijaribu kuanza vingine naona kama nimeingia chumbani kwa watu.

Nyumbani hatujambo. Mama goti bado linamsumbua. Fimbo aliyopewa hospitali ameiegemeza nyuma ya mlango, anasema haoni kwa nini amtembeze mtu asiye na miguu. Kila jioni ananiuliza kama lori la kilimani kwenu limeshuka na barua. Namwambia lori linakuja linapokuja. Anasema basi na wewe ulipaswa kupata kazi mahali ambapo magari yana adabu.

Kazini nimehamishwa. Zamani nilikuwa naosha trei, sasa nimekaa kwenye meza ya majaribio, ndani ya kile chumba kisichotakiwa kuwa na vumbi, nimevaa nguo nyeupe kuanzia utosini hadi viatuni, macho tu ndiyo yako nje. Tunatengeneza swichi za redio, ila usifikirie swichi ya ukutani. Hizi ukipiga chafya unapoteza za mwezi mzima. Chini ya hadubini unaona kijimkono cha chuma, chembamba kuliko unywele, kimening'inia juu ya njia ya mawimbi. Ukikipa umeme kinavutwa chini, njia inaungana. Ukikata umeme kinaruka juu, njia inakatika. Hiyo ndiyo kazi yake yote, kushuka na kupanda, na kwa kushuka na kupanda huko redio inajua wakati gani isikilize na wakati gani iseme.

Mama alitaka kuiona. Nikamweleza kwamba haionekani kwa macho. Akaniangalia kwa huruma: "Yaani mwanangu unaamka alfajiri kwenda kutengeneza kitu ambacho hakipo."

Nasikia shehena ya kwanza imeenda idara ya misitu. Huenda redio moja imepanda hadi kituo chako cha kulinda moto huko kilimani. Ukiiona isalimie, swichi yake imepita mikononi mwangu.

Dada yako


Machi 29

Dada Kalenda, shikamoo.

Hali ya hewa: ipo.

Mimi mzima, nakula, nalala, mwambie Mama. Viatu vimeanza kucheka mbele lakini vitafika mwisho wa mwaka. Paa la kituo wamelibandika bati jipya upande mmoja, kwa hiyo mvua sasa inajua pa kuingilia.

Redio yenu nimeipata na nimeisalimia kama ulivyoagiza. Haijaitikia.

Dada, sitaki kukuvunja moyo na kazi yako mpya, ila ngoja nikwambie. Ile redio ya zamani ilikuwa na swichi kubwa ya chuma ndani. Ukibonyeza kitufe cha kuongea unaisikia inalia "tak", unajua sasa antena ni yako, sema. Hii mpya haisemi tak wala nini, imenyamaza kama mtu aliyenuna. Wiki mbili za kwanza ilienda vizuri. Sasa karibu kila asubuhi, makao makuu wanapita kituo kwa kituo kwenye mwito wa asubuhi, wanafika kwangu, nabonyeza, naongea, hawanipati. Mimi nawapata wazi kabisa. Nawasikia wananiita, nawasikia wananisema, nawasikia wakicheka kwamba wa kilimani amelala tena. Nawasikia, hawanisikii. Hujui inavyochoma.

Naipiga ngumi ubavuni, wakati mwingine mpini wa kijiko juu ya kifuniko, ndipo inazinduka.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba vituo vingine vina redio hizihizi na hazikwami. Yule jamaa wa kituo cha chini, tunayemwita Blanketi kwa sababu unazozijua, yake inafanya kazi kama saa ya ukutani. Blanketi! Mtu ambaye moto ukiwaka miguuni pake atauliza nani amewasha taa.

Muulize huyo mhandisi wenu ameweka nini humo ndani.

Mdogo wako, Kiroboto (bado Mama ananiita hivyo?)


Aprili 11
Asubuhi: mvua tangu alfajiri, barabara ya mbele ya nyumba imegeuka mfereji.

Mdogo wangu,

Marahaba. Bado anakuita Kiroboto, na amesema viatu vikicheka usivijibu, uvipeleke kwa fundi. Goti lake ni lilelile. Juzi alitembea hadi dukani bila fimbo kwa ukaidi, akarudi amekaa nyuma ya baiskeli ya muuza mkaa, ameketi wima kama mkuu wa nchi.

Habari za redio nilizipokea vibaya, sitakuficha. Nilikaa nayo barua yako siku nzima mfukoni. Swichi zetu tunazipigisha mezani, chini juu, chini juu, haraka kuliko bawa la mbu, mchana na usiku bila kupumzika, na zile zinazogoma hazitoki mlangoni. Kwa hiyo nilipomweleza mhandisi wetu, yule tunayemwita Miwani kwa kuwa ana moja usoni na nyingine utosini, alitikisa kichwa akasema huenda ni unyevu, huenda ni betri, huenda ni mtumiaji.

Sasa usikasirike. Unaipiga? Kwa kijiko? Kijimkono chenyewe hakiwezi kuonekana, na wewe unakijia na mpini wa kijiko?

Ipeleke karakana ya idara. Waifungue watu wenye vifaa. Ikiwa ina kasoro watasema, na hapo nitakuwa na kitu cha kumwekea Miwani mezani. Na uniandikie kila unachoifanyia hiyo redio, tangu kuiwasha hadi kuizima, usiruke kitu.

Dada yako


Mei 4

Dada, shikamoo.

Nilikusikiliza, na hivi ndivyo ilivyokuwa.

Redio niliifunga kwenye boksi, ikashuka na lori, ikafika karakana. Mafundi wakaiwasha, wakabonyeza, wakaongea, ikajibu kama malaika. Wakaijaribu tena kesho yake, nzima. Ikarudi kwangu na karatasi: "Chombo hakina tatizo. Kifuniko kina mabonyeo ya kupigwa." Nimeiwasha jioni ileile. Asubuhi yake imekwama.

Sasa huko ofisini mimi ni mwongo mwenye kijiko. Mkuu wa vituo amesema redio zote ziko sawa isipokuwa ya mtu mmoja, basi kasoro ni huyo mtu. Wameandaa fomu. Inasema mimi, mtunza kituo, nakiri kuharibu chombo cha idara kwa uzembe na kwa kukipiga. Nikisaini ninabaki kilimani na doa kwenye jalada langu, na kosa dogo linalofuata naondoka. Nikikataa, naondoka sasa. Mkaguzi ataileta mwenyewe, siku hawajaniambia.

Dada, mabonyeo ni ya kweli. Niliipiga. Lakini niliipiga kwa sababu imekwama, haikukwama kwa sababu niliipiga. Nani atanisikiliza nikieleza hilo? Hata wewe uliuliza kijiko kwanza.

Unataka kujua naifanyia nini. Siifanyii kitu. Mchana naizima ili jua lichaji betri, maana mchana moshi nauona kwa macho, na anayeita makao makuu wanampokea wenyewe. Jua likizama naiwasha, naiacha inasikiliza mpaka mwito wa asubuhi, nami nimekaa nayo. Usiku ndio kuna maana ya kuwa huku juu. Mara chache sana mtu anaita. Inasikiliza tu, nami nasikiliza. Hayo ndiyo maovu yangu yote.

Mwambie Mama mimi mzima. Usimwambie kuhusu fomu.

Kiroboto


Mei 17
Asubuhi: anga safi, umande mwingi, jua kali mapema.

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini barua hii itakukuta na afya. Mama hajambo. Amekubali fimbo, lakini kwa sharti kwamba iitwe mwavuli. Ameifunga kitambaa kwenye mshikio na akitoka anasema nipe mwavuli wangu. Jirani alimuuliza mbona hauna kitambaa cha juu, akamjibu kwamba mvua za siku hizi hazistahili. Shangazi alikuja Jumapili, akaulizia lini utaoa, nikamwambia huko uliko kuna miti tu. Akasema basi miti nayo ina mwisho.

Barua yako niliipata. Nakuomba kitu kimoja. Redio izime usiku. Kama huwezi usiku kucha, basi izime usiku wa manane hadi karibu na alfajiri. Usiniulize kwa nini. Ifanye tu, uone asubuhi itakuwaje.

Silali vizuri wiki hizi. Kwenye daftari mahali pa saa ya kulala napaacha wazi, maana sijui niandike ipi.

Dada yako


Juni 2

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta ukurasa wa pili. Nikaigeuza. Nikaichungulia ndani ya bahasha. Nimepata mwavuli wa Mama, ndoa yangu na Shangazi, na mistari minne ya redio ambayo inaniagiza nifanye kile ambacho Blanketi hufanya.

Izime! Dada, unajua kwa nini siizimi? Sijawahi kukuandikia, basi sikia sasa. Kiangazi kilichopita, mkata kuni mmoja wa bonde la nyuma, moto ulimzunguka usiku. Mwenzake alikuwa na redio ndogo ya mkononi, akaita kituo cha chini. Akaita, akaita. Mwisho akanipata mimi. Niliwaongoza wote wawili kwa sauti hadi kwenye mto, hatua kwa hatua, nikiona mwanga wa moto kutoka dirishani. Mkata kuni alinusurika, ingawa mkono mmoja hauna kazi tena. Tangu siku ile jua likizama redio yangu haizimwi. Sasa dada yangu mwenyewe, anayeijua hiyo swichi kwa kuichungulia kila siku, ananiambia niizime na nisiulize.

Unajua kitu. Nakufahamu. Ukijua jambo na hutaki kulisema unaanza kusimulia habari za Mama. Umekuwa kama redio yangu: unanisikia vizuri kabisa, ila hujibu.

Mkaguzi anakuja na lori lijalo. Sina siku za kubembelezana. Kama unajua kinachokwama, niambie nini kinakwama. Kama hujui, sema hujui, nitajua niko peke yangu.

Kiroboto


Juni 13
Asubuhi: ukungu mzito, haukuinuka hadi saa nne.

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, Mama mzima. Haya.

Redio yako ikiwa inasikiliza, kile kijimkono kimeshikwa chini na umeme. Ukibonyeza uongee, umeme unakatwa na kinatakiwa kuruka juu. Chini yake kuna utando mwembamba usiopitisha umeme. Ukikishikilia chini saa nyingi mfululizo, umeme kidogo unazama kwenye ule utando na kubaki humo. Asubuhi unabonyeza, umeme umekatwa, lakini ule uliozama bado unakivuta. Kimekwama. Ukiipiga redio, kinashtuka na kuachia. Ukiiacha imezimwa kwa muda, umeme unavuja taratibu na kinaachia chenyewe, kama mchana wako wa kuchaji ambao zamani ulitosha na sasa hautoshi. Karakana waliikuta nzima kwa sababu ilikuwa imelala kwenye boksi njia nzima.

Barua yako ya Mei ndiyo iliyofungua jambo hili. Nilimsomea Miwani pale unaposema inasikiliza tu, nami nasikiliza. Akavua miwani zote mbili. Akasema sisi mezani tunazipigisha, chini juu, chini juu, hatujawahi kuishikilia moja chini usiku kucha. Hakuna aliyefikiria kwamba kuna mtu atakayefanya hivyo. Jioni ile tukazishikilia kadhaa chini tukaziacha hivyohivyo usiku kucha. Asubuhi tukakata umeme. Nyingi hazikuinuka.

Miwani aliandika taarifa siku hiyohiyo. Meneja akatukusanya wote akasema oda ya idara ya misitu haijaisha, taarifa itangoja, na atakayelitoa jambo hili nje ya chumba asirudi ndani ya chumba. Wote tulikuwa tumesaini karatasi ya siri tulipoajiriwa. Mimi nilisaini kwa furaha, nilifikiri ni ya kuhusu vumbi.

Ndiyo maana nilikuandikia mwavuli.

Ulilalamika kwamba ya Blanketi haikwami. Blanketi anaizima analala. Bila shaka wote wanazizima. Wewe peke yako ndiye unayefanya kazi mliyoajiriwa kufanya, na ndiyo sababu ya kwako peke yake inakwama. Nimeandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini nikazunguka nyumba mara mbili kwa hasira.

Usisaini. Mwonyeshe mkaguzi barua hii. Sahihi yangu iko hapa chini, siifichi. Na kama unataka kuendelea kusikiliza usiku, gawaneni zamu na huyo Blanketi, mmoja awashe nusu ya kwanza, mwingine nusu ya pili, kila redio ipate kupumzika. Najua utapenda zaidi kumeza kijiko.

Naomba lori hili lisichelewe.

Dada yako


Julai 3

Dada Kalenda, shikamoo, na kaa kitako.

Mkaguzi alifika na lori jioni, mtu mnene, mpole, amechoka kwa mitikisiko. Akatoa fomu hata kabla ya kunawa. Nikamwambia mkubwa, nitasaini, ila kesho asubuhi. Usiku huu ulale hapa, ukae na redio, usiiache. Mimi sitaigusa. Hata kijiko nitakupa wewe ukishike. Akacheka, akakubali, nafikiri kwa sababu ya mgongo zaidi kuliko haki.

Jua likazama nikaiwasha mbele yake, nikaweka mikono mfukoni. Tukakaa. Akanihadithia watoto wake wote. Hakuna aliyeita usiku ule. Kila niliposogea alifungua jicho moja, nami nikamwonyesha mikono.

Asubuhi mwito ukaanza. Kituo cha kwanza, cha pili, Blanketi huyo na sauti yake ya kitandani. Wakafika kwetu. Nikampa kipaza sauti. Akabonyeza, akajitaja cheo chote, akasema yuko kilimani na kila kitu kiko sawa. Makao makuu wakaita tena. Akarudia. Wakaita tena, halafu nikasikia yule binti wa makao makuu anasema, "Wa kilimani ameuchapa usingizi, tuendelee."

Dada, mtu yule alibadilika rangi. "Niko macho!" anaiambia redio. "Wewe binti, mimi ni mkaguzi, niko macho!" Wao wameshahamia kituo kingine. Akabonyeza hadi kidole kikawa cheupe. Kisha, mbele ya macho yangu, akainua mkono akaichapa redio kofi juu ya kifuniko.

Ikazinduka.

Nikamwambia, "Taratibu, mkubwa. Kuna fomu ya hilo."

Akaweka kipaza sauti mezani. Akaikunja ile fomu mara nne akaitia mfukoni. Hakuomba radhi, usitarajie. Alisema tu kwamba atakwenda kuandika kuwa suala linahitaji uchunguzi. Nikamuuliza na lile doa, akasema jalada bado halijaandikwa kitu. Ndipo akaomba chai.

Sasa sikia sehemu yako. Dereva alikuwa ameondoka na mkaguzi, wamefika kwenye kona ya kwanza, nikaona lori linarudi kinyumenyume. Dereva akatoa bahasha iliyokuwa imelala chini ya kiti chake, chini ya jeki, tangu walipotoka mjini. Barua yako. Ilikaa usiku kucha nje ya mlango wangu, ndani ya lori, nami niko ndani nimeweka mikono mfukoni sijui kama nitashinda.

Nikaisoma nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa. Pale uliposema ulizunguka nyumba, nami nilizunguka kituo.

Nilitaka kuwakimbilia nimpe mkaguzi. Nikasimama mlangoni. Aliyoyaona aliyaona kwa macho yake, hahitaji sahihi ya mtu. Barua nimeitia kwenye jiko la chai, nikaingoja hadi ikaisha. Kama kuna atakayekuuliza, mimi sijapokea barua yoyote ya Juni. Lori letu unalijua.

Kiroboto


Julai 16
Asubuhi: upepo wa baridi kutoka kaskazini, mawingu yanakimbia, hakuna mvua.

Mdogo wangu,

Marahaba.

Barua gani ya Juni?

Mama nimemsomea ile sehemu ya kofi. Ameomba nimsomee tena jioni, na tena Shangazi alipokuja. Amesema huyo mkaguzi apelekewe mwavuli.

Ningependa kukuandikia kwamba mambo hapa yamenyooka. Mkaguzi wenu aliandika kweli, idara ikauliza, na meneja akalazimika kuwajibu. Kisha akatafuta nani alikuwa na ndugu kilimani, haikumchukua muda. Hakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba nimetoa siri, kwa hiyo hakuweza kunifukuza. Amenitoa kwenye meza ya majaribio, amenipeleka kufungasha. Sasa navaa nguo zangu, nakaa kati ya maboksi, hadubini naiona kupitia kioo. Miwani alipita akaniambia kwamba anachora swichi mpya, ambayo umeme wake unageuzwa mara kwa mara ili usizame mahali pamoja, ila meneja amesema itangoja mwakani. Akaweka boksi moja kwenye rundo langu kama anayesaidia, akaenda.

Na kila boksi ninalofunga sasa natia karatasi. Meneja ameiandika mwenyewe. Inasema kwamba swichi ni imara kabisa, ila baadhi ya watumiaji huiacha imeshikwa chini muda mrefu kupita kiasi, jambo ambalo si matumizi ya kawaida. Baadhi ya watumiaji ndio wewe. Naikunja katikati, naitia, nachukua nyingine. Mara ya kwanza niliisoma yote. Leo nimejikuta naikunja maandishi yakiwa ndani ili nisiyasome, na hilo limeniudhi kuliko karatasi yenyewe.

Basi, wewe umebaki kilimani na jalada lako ni safi. Nilitaka zaidi ya hapo. Nilitaka mtu mmoja, huku au huko, aseme kwa sauti kwamba hukukosea. Hakuna aliyesema, kwa hiyo nasema mimi: hukukosea.

Sasa nijibu bila kunisimulia viatu. Umeongea na Blanketi?

Dada yako

Nyongeza, asubuhi ya Julai 17, anga safi. Sikuifunga bahasha jana, kwa sababu jioni lori lilishuka, likaniletea kikaratasi chako kilichokunjwa: "Nimemeza kijiko. Blanketi amekubali nusu ya pili. Usiku wa kwanza nilikaa macho nikimpeleleza, nikamsikia anakohoa kwenye redio, yuko macho kweli, basi nikaizima yangu nikalala. Asubuhi walipoita niliwajibu mara moja, hadi binti wa makao makuu akauliza huyu ni nani."

Nilimsomea Mama, nikaosha vyombo, nikalala, na asubuhi hii nimefungua daftari. Nimepajaza pale palipokuwa wazi: nililala saa tatu na robo.